Dang'a ya Mbula

Paskazia alishika sikio la ng'ombe wake akalikuta baridi. Akashika na la pili. Baridi vilevile, na jua lilishatoka zamani.

"Inuka, Mbula," alimbembeleza. "Inuka mama, mtoto analia."

Mbula hakuinuka. Alikuwa amelalia kifua, shingo kaikunja kuelekea ubavuni, pua imekauka. Ndama wake, aliyezaliwa jana, alikuwa anamsukumasukuma akitafuta chuchu. Majirani walishajaa uani, maana kwenye balaa watu hawachelewi. Mmoja alivuta mkia. Mwingine alisema ng'ombe huyo katupiwa jicho, haiwezekani mwanamke awe na ng'ombe wa kisasa peke yake, watu wamwangalie tu.

Peke yake ni kweli. Mumewe, Maduhu, alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu huko Geita, na habari zake bora usiulize. Nyumba nzima, yeye, mama mkwe Bernadina na mtoto Lusia, ilikuwa inangoja Mbula azae ndipo ipumue.

"Au ana njaa?" aliuliza Bernadina.

"Njaa ya nini, mayu? Pumba si alikula?" Paskazia alimjibu mama mkwe wake.

Alikula, ndiyo. Pumba asubuhi, pumba jioni. Mashudu yalipanda bei mpaka yakawa ya kusikia kwa wenzao. Na majani yatoke wapi? Mbuga waliyochungia wazee ilizungushiwa waya na wenye leseni za kuchimba dhahabu, na nje ya waya pamechimbwachimbwa, hata mbuzi anaogopa kupita. Mbula alibeba mimba yake kwa pumba na matembele ya viazi, akazaa ndama mnene. Mnene huyo alijengwa na nini, hakuna aliyejiuliza.

Jana yake ilikuwa furaha tupu. Kwa desturi ya nyumba ile, dang'a hailali kwenye kiwele. Maziwa hayo ya kwanza hukamuliwa yote, yakapikwa yakaganda, wakala watu wote wa jirani. Bernadina alimsimamia mkwewe kichwani: "Kamua, mwanangu, kamua mpaka mwisho. Kiwele hakipendi uchoyo." Bakuli la kwanza hupewa mgeni wa heshima, na mgeni alipatikana: Ngassa, bwana mifugo, alikuwa anapita na kampeni ya kuvisha ng'ombe hereni za utambulisho. Alikula, akalamba kijiko, akaomba na chupa ya kwenda nayo. Bernadina alifurahi mno. Bwana mifugo akila kwako, alisema, ng'ombe kabarikiwa.

Sasa simu ya huyo bwana mifugo ilikuwa haipokelewi. Paskazia alipanda bodaboda mpaka duka la dawa za mifugo la Shehnaz, pale Masumbwe.

"Huyo anataka kalisiamu ya kuchoma mshipani," alisema Shehnaz alipoelezwa dalili, akatikisa kichwa. "Sina, dada yangu, mzigo haujafika. Ngassa anazo, amepewa za kampeni. Mkimbilie, ugonjwa huo haungoji mtu."

Ngassa alikuwa mkutanoni. Paskazia alikaa chini ya dirisha la ofisi mpaka walipotoka kunywa chai.

"Hawezi kusimama?" aliuliza Ngassa, andazi mkononi. "Masikio ya baridi? Shingo kaikunja?"

"Hivyohivyo, baba."

"Homa ya maziwa hiyo. Madini ya chokaa, hiyo kalisiamu, yaliyokuwa kwenye damu yamekimbilia yote kwenye maziwa. Damu ikikosa chokaa misuli inalegea, mwisho na moyo. Chupa moja ya mshipa, polepole, utamwona anasimama mwenyewe."

Paskazia nusura apige vigelegele. "Basi twende!"

"Ana hereni?"

"Hana. Jana si ulisema mnaanza na wenye makundi, sisi wa mmojammoja tungoje?"

"Ndiyo hapo sasa. Dawa hizi ni za waliosajiliwa. Kila chupa naingiza kwenye simu na namba ya ng'ombe. Kwa mfumo, ng'ombe wako hayupo."

"Hayupo? Na dang'a uliyokula jana ilikuwa ya nani?"

Wenzake walicheka. Ngassa hakucheka. "Mama Lusia, usinivunjie heshima. Mkutano ukiisha nakuja, namvisha hereni, namtibu. Utaratibu ni utaratibu."

"Nipe mimi basi, nitatafuta wa kumchoma."

"Kalisiamu ikikimbizwa mshipani, moyo unasimama papo hapo. Unataka kumuua?"

Na hapo hakudanganya. Hilo ndilo linalouma. Yule mtu alijua kila kitu.

Paskazia alirudi, akamwegemeza Mbula kwa magunia ya mchanga asije akalala ubavu akajaa gesi, akamfunika kitenge chake, akakaa kumshikilia kichwa. Alimwimbia hata nyimbo za kumlazia Lusia. Majirani waliondoka mmojammoja. Alasiri Mbula alivuta pumzi ndefu, akaachia, na hakuvuta nyingine.

Pikipiki ya Ngassa iliingia uani baadaye, boksi la hereni nyuma, chupa ya dawa kwenye mkoba. Alitazama, akavua kofia.

"Pole sana, mama." Kisha akainama, akagusa kiwele. "Ulimkamua yote?"

"Yote."

"Hapo ulikosea. Siku za kwanza kiwele hakikaushwi. Unakamua kidogo, damu ipate nafasi ya kujijaza."

Bernadina aliziba mdomo kwa upindo wa khanga, akaketi chini. Paskazia alimwona, na moyo ukamuuma upya. Aliingia ndani, akatoka na bakuli la dang'a lililosalia.

"Kula."

"Mama Lusia..."

"Jana ulikaa hapohapo. Kiwele ulikiona kimenywea. Bakuli uliliona limejaa. Ulisema nini?"

Ngassa aliangalia kofia yake.

"Nilitumwa hereni," alisema. "Jana kazi yangu ilikuwa hereni."

"Basi kula. Chokaa yake imo humu."

Hakupokea. Paskazia aliliweka bakuli juu ya boksi la hereni, taratibu, lisimwagike, akaenda kumtoa ndama, maana alikuwa bado ananyonya.