Aliyepita Kwanza

Amur hakuwa na shahada, hakuwa na cheo, hakuwa na nishani hata moja, wala hakuwa na mtoto aliyependa kusikia habari za vita. Alikuwa na elimu ya masomo ya usiku, na kumbukumbu ya wenzake kumi na wanane waliojitolea pamoja naye, zamani, kwenda kusini kufukua mabomu ya ardhini na kuwafungulia askari njia. Basi akaandika historia ya kikosi chao. Miaka minne aliipiga msasa. Ikachapishwa mtaa wa Ghala, nakala sitini, na ya kwanza akampelekea Mahfoudh, mwenzake wa kikosini, mtaa wa Ghubra.

Siku ya tatu Mahfoudh akapiga simu.

"Kitabu kizuri, yakhe. Binti yangu Hajar kanisomea mbele ya wajukuu wote."

"Alhamdulillahi."

"Ila mguu wangu umeusingizia."

Amur akavuta nakala yake mezani.

"Umeandika nilikanyaga nje ya alama za njia iliyosafishwa. Watoto wananicheka: babu, kumbe hukutazama chini! Na mimi nnacheka nao. Haya, tumbo lako halijambo?"

Simu ikakatwa.

Kikosini palikuwa na ada: aliyesafisha njia ndiye aliyeikanyaga kwanza, kwa viatu vyake mwenyewe, ndipo wengine wakafuata. Asubuhi ile njia aliisafisha Amur. Penye kokoto alilipua kazi, akapima juujuu tu, na akaona haya kuomba arudie. Akashika tumbo, akasema linamkata. "Kaa, nnapita mimi badala yako," Mahfoudh akamwambia, akapita katikati kabisa ya alama, na penye kokoto bomu likamlipukia. Tangu siku hiyo anatembelea mguu wa bandia, na hajamwambia mtu kwamba zamu ilikuwa ya Amur.

Amur akatoa karatasi. Mkewe, Masouda, akasoma mistari miwili ya mwanzo begani kwake.

"Mwombe radhi faraghani, baba. Utajivua nguo uzee huu?"

"Nilimvua yeye mbele ya wajukuu zake."

Akamwandikia Hajar, binti Mahfoudh. Tumbo halikuuma. Njia ilikuwa yangu. Baba yako hakukosea hata hatua moja. Mimi niliogopa, kisha nikaandika uongo. Tafadhali wasomee watoto walewale.

Masikio yakimwaka moto, akaramba gundi ya bahasha, akaishindilia kwa kiganja, akaenda nayo posta mwenyewe, akaituma.