Mkono wa Pili kwenye Meno ya Kasuku

Fundi alimuunguza binti yake ufizi kwa dawa ya kung'arisha meno ya watu wazima. Hakutumwa na mtu. Mtoto mwenyewe, msichana wa miaka minane waliyemwita Kasuku kwa maneno yake mengi, hakuwa ameomba.

Ilianza na picha. Shangazi mtu alikuwa anaolewa, na Kasuku ndiye angetangulia mbele ya bibi harusi akimwaga maua. Siku ya kujaribu gauni akapigwa picha. Fundi akaikuza kwenye simu. Meno mawili ya mbele, yaliyoota juzijuzi, yalikuwa makubwa na ya manjano katikati ya meno ya utoto meupe pee.

"Mbona kama punje za mahindi?" alisema.

Kasuku akacheka mpaka akashika tumbo. Lakini fundi alikuwa mpiga rangi za magari. Gari likitoka mikononi mwake ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama kwenye mlango wake, na doa akishaliona lilimkosesha raha. Sasa ukumbi mzima ungemtazama mtoto wake kinywani.

Akaenda duka la vipodozi.

"Hii hata ukimpaka punda, atajiona bwana harusi," muuzaji alimwambia. "Ya nani, mzee?"

"Yangu. Kwani meno yangu huyaoni?"

"Nayaona. Nilikuwa naona haya kusema." Muuzaji akampa kichupa. "Ila dakika kumi tu, usizidishe. Na watoto wasiiguse."

Fundi aliitikia vizuri kabisa.

Jumamosi mkewe alipokwenda kwa mshona nguo, alimkalisha Kasuku mbele ya televisheni, akampaka. Baada ya dakika kumi akafuta, akachungulia. Manjano vilevile. Gereji kwake mkono wa kwanza wa rangi ni wa kufunika bati tu. Mkono wa pili ndio unaotoa sura ya gari. Basi akasema, "Tulia, tunapiga mkono wa pili," akapaka mzito, akauacha mpaka katuni iishe.

"Baba, inachoma."

"Ndiyo inashika hiyo. Vumilia, mama."

Akavumilia. Aliposukutua, ufizi ulikuwa umegeuka mweupe kama ngozi iliyolowa, kisha ukaanza kuvuja damu. Mkewe aliwakuta mlangoni, mtoto analia, fundi anatafuta viatu alivyokwisha kuvivaa.

Daktari wa meno, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alimulika taa kinywani.

"Nani kampaka hii?"

"Kajipaka mwenyewe," fundi alidakia. "Watoto wa siku hizi, daktari, ukigeuka tu kidogo..."

"Wewe mtoto!" mama alifoka. "Nani kakutuma kuchokora vitu vya watu?"

Kasuku alimtazama baba yake. Fundi akatazama sakafu.

"Nisamehe, mama," mtoto alisema. "Nilijipaka mimi."

"Niambie kweli, ili nijue imeungua kiasi gani," daktari alisema. "Ulipaka mara moja tu?"

"Mara moja. Halafu nikapiga mkono wa pili."

Mama aligeuza shingo polepole mpaka macho yakamfikia mumewe.

"Mkono wa pili," alisema. "Baba Kasuku, umemwona mwanangu bampa la gari?"

"Ni mimi," fundi alisema. "Ule wa pili ulikaa kama nusu saa."

Daktari hakugomba, na fundi angependa agombe. Alisema meno yale hayakuwa na uchafu wala ugonjwa. Jino la ukubwani huota na umanjano wake. Linaonekana vibaya kwa sababu limekaa jirani na la utoto. Mengine yakishang'oka na kuota mapya, yote hulingana. Na jino changa kiini chake ni kipana, dawa kali hukifikia upesi, ndiyo maana mtoto hapakwi.

"Kwa hiyo ningefanya nini?" fundi aliuliza.

"Ungengoja, baba. Basi."

Njiani Kasuku alishikwa mkono na mama yake. Fundi alitembea nyuma yao, amebeba mkoba wa mkewe ambao hakuombwa kuubeba.

Harusini maua alimwaga mtoto wa jirani. Kidonda kilipona, lakini juu ya jino moja ufizi umepanda na haujashuka. Maji ya baridi Kasuku hanywi. Mama yake alimwomba radhi kwa kumfokea bure. Fundi bado anatafuta maneno. Na kila wanapokwenda kuangaliwa, mtoto hakubali kufungua kinywa mpaka baba yake atoke nje kwanza.