Mlaji Mkubwa wa Dizeli

Taa moja hula mafuta kiasi gani kabla haijawaka? Mwanne, mwanafunzi wa chuo kikuu, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa amesafiri na swali hilo kutoka Dar es Salaam hadi kijiji cha ujamaa kilicho maili kumi na mbili kutoka stesheni ya Usinge, na siku ya tisa ilikuwa inakwisha.

Mhadhiri wake alimfundisha kwamba moshi wa umeme hauanzii kwenye jenereta. Huanzia kwenye kuni zilizochoma matofali ya kibanda chake, na kwenye lori linalounguza dizeli ili kuleta dizeli. Moshi wote huo hupanda katika hewa ileile, na wapo wataalamu waliokwisha kuhofu kwamba utaitia dunia joto. Mwanne aliliamini neno hilo kwa moyo wote. Alipima magogo kwa kamba, akamhoji dereva hadi dereva akaanza kumkwepa, akahesabu hata kuni za chai ya wapakuzi.

Wilaya ilikuwa inaisubiri ripoti yake. Jenereta ya kijiji, inayowasha taa ya zahanati, ikionekana ni mlafi, itahamishiwa Urambo, naye Koleta, mkunga wa zahanati hiyo, atarudia kuzalisha kwa koroboi, ambayo mara nyingi hushikwa na mzazi mwenyewe.

Jioni hiyo Mwanne alisimama mbele ya kamati ya kijiji, akasema kwa huzuni kwamba katika kila madebe matatu ya dizeli, moja huishia barabarani. Koleta aliinama. Mwenyekiti, Mzee Lugembe, akamwuliza mgeni kwa adabu kama angependa chai nyingine.

Aliyebaki kusema ni Luhende, fundi wa jenereta. Yeye alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wa Mwanne; tangu siku ya kwanza alikuwa amemnyang'anya kuku wa zawadi, na Mwanne, kwa desturi ya watani, hakuruhusiwa hata kununa.

"Wewe Mzaramo," alisema, "hesabu umeipiga vizuri, ila umemwacha mlaji mkubwa."

"Nani huyo?"

"Wewe."

Akaeleza bila haraka. Lori huenda Usinge mara moja kwa mwezi. Mwezi huu limekwenda mara nne: mara tatu kumpokea Mwanne, maana treni ilichelewa siku mbili na mwenyekiti aliona aibu mgeni ashuke asimkute mtu, mara ya nne kufuata dizeli ya mwezi kabla ya siku yake, kwa kuwa jenereta, ambayo kwa kawaida huwashwa Koleta anapoiitisha, sasa ilinguruma kila siku tangu adhuhuri, mgeni asije akaandika kwamba ni mbovu. Akaongeza kwamba babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na hadi anazikwa alilalamika kwamba posho ya msafara ililiwa na wakubwa wasiobeba kitu.

Mzee Lugembe alimkemea kwamba mgeni hasemwi hivyo.

"Mgeni wenu, Mzee. Kwangu ni mtani, na bado sijaanza."

Mwanne alitamani kukasirika, akakosa ruhusa. Alifungua daftari, akajitoa mwenyewe kwenye hesabu, akapiga upya. Lililoishia barabarani sasa lilikuwa debe moja katika saba. Kwa siku tisa alikuwa amepima karamu yake mwenyewe. Angeweza kujifuta kimyakimya, na chuoni asingejua mtu. Lakini hakufundishwa kuacha moshi wa yeyote.

Akasimama tena.

"Ndugu zangu, nitaandika hesabu zote mbili, ile ya kijiji na ile ya ugeni wangu, kwa jina langu. Nitapendekeza jenereta ibaki hapa kwa Dada Koleta. Na kesho lori lisiwashwe. Nakwenda Usinge kwa miguu."