Mlango wa Roketi

Rahema alikuwa na imani mbili ambazo hakuna mtu aliyeweza kuzitikisa: kwamba supu ya kichwa haiharakishwi, na kwamba hadithi ya safari za angani inaruhusiwa uongo mmoja tu.

"Niambie roketi inaruka, nitakubali," alizoea kusema huku akikoroga sufuria. "Lakini ukishanirusha, usiniambie kuwa watu hao hawali, hawajikuni, wala hawawakumbuki mama zao. Huo ni uongo wa pili, na wa pili siupokei."

Mgahawa wake ulipakana na bucha ya mumewe, Idrisi, karibu na soko la Gakoromone mjini Meru. Alipokuwa msichana huko Nairobi, alizitazama sinema za maroketi hadi mlinda mlango akamzoea kama jamaa. Lakini ile aliyoipenda kuliko zote, ya watu watano waliokwenda mwezini, hakuimaliza. Mwisho ulipokaribia, mjomba wake aliingia gizani akamshika mkono na kumtoa: lori la kumpeleka Meru kuolewa lilikuwa linaunguruma nje.

"Niliolewa roketi ikiwa bado angani," aliwaambia wateja.

"Ukatua kwenye matumbo ya ng'ombe," Idrisi alidakia kutoka buchani.

Kwa hiyo mwisho aliutunga mwenyewe, na hakumficha mtu kwamba ni wake: roketi inatua, mlango unafunguka, wanatoka wote watano. Kwa miaka mingi ulikuwa mwisho wa kuchangamsha supu tu. Kisha serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari, na pamoja nayo akaja Karimi.

Karimi aliuza viazi sokoni. Mumewe, Kithinji, alikuwa kizuizini kwa mwaka wa tatu, na kambi aliyohamishiwa haikujulikana. Kila siku ya soko Karimi aliagiza supu na hadithi ile ile. Mwezi haukumshughulisha. Alichokingoja ni mlango.

"Wote watano, Mama Zuena?" alimwuliza Rahema, akimwita kwa jina la bintiye.

"Wote watano, mwanangu."

Hapo ndipo alipojifunga leso yake na kuondoka, kuiwahi kafyu.

Mwaka ule Warusi walirusha mwezi wao wa chuma, na watu wakaanza kutembea wakitazama juu. Ndambiri, kijana wa Embu aliyezunguka na lori la sinema la serikali, alichoka kuulizwa habari za mbinguni kila alipoonyesha picha za sabuni na josho la ng'ombe. Siku moja aliingia mgahawani akicheka.

"Mama, nimekuletea watu wako watano. Safari hii mpaka mwisho."

Mwiko ulimponyoka Rahema. Furaha ilimjia kwanza, kisha macho yake yakaangukia benchi la Karimi.

"Na kama hawarudi?" alimwuliza mumewe walipokuwa wakifunga.

"Si picha tu, Mama Zuena?"

"Kwako ni picha. Yule mtoto wa watu anaishi kwa mwisho wangu."

"Basi mwambie asije."

"Nimemwambia. Kasema, 'Nimezoea kungoja nisichokiona. Hiki kimoja acha nikione.' Tena atakaa mbele."

Kwa sababu ya kafyu, sinema ililazimika kuonyeshwa mchana, katika ghala la mahindi, na mchana una jua. Ndambiri alisimulia jinsi alivyojaribu mablanketi huko Embu na watu wakaona ukungu mtupu. Idrisi aliondoka, akarudi na ngozi kavu za ng'ombe, akazipigilia madirishani. Ngozi zake zilikuwa na sifa mbaya kwa mkaguzi wa ngozi, maana kisu chake kiliteleza mara kwa mara na kuzitoboa. Mlango ulipofungwa, giza likatanda, na katika kila tundu jua likachoma nukta nyeupe. Ghala zima likajaa nyota.

"Kumbe miaka yote hii nilikuwa nachuna mbingu," Idrisi alinong'ona.

"Kamwambie mkaguzi hivyo. Na umweleze kwa nini mbingu zinanuka."

Filamu ikaanza, Ndambiri akiifasiri kwa kipaza sauti. Mke wa nahodha alilia mlangoni mwa roketi. Rahema aliuona mwezi ule kuwa wa plasta, na hakujali. Alimtazama mpishi wa safari, ambaye alimenya viazi kwa uangalifu kama binadamu mwenye njaa.

"Vidogo hivyo," Karimi alisema kutoka mbele, watu wakacheka.

Kisha roketi ikageuka kurudi duniani. Moshi ukaifunika. Rahema aligundua kuwa amemshika Idrisi mkono kwa kucha. Moshi ukatawanyika, na badala ya roketi akaonekana nahodha, ameinamisha kichwa juu ya meza. Akakiinua. Akapiga miayo. Mkewe akamletea chai.

"Eee…" Ndambiri alikohoa. "Alikuwa amelala. Ilikuwa ndoto."

"Amelala nani?" alifoka mzee Muthamia, mwuza kamba. "Na hao wanne wengine?"

Rahema alisimama kabla hajajua kuwa anasimama. "Mwoga huyo aliyeitunga! Kawapeleka watu mpaka mwezini, kashindwa kuwarudisha, kasema hawakuwahi kuondoka!"

Ndipo hofu ikamrudia, akamtafuta Karimi. Karimi alikuwa amesimama pia, mgongo kwenye pazia la sinema.

"Kama hawakuondoka," alisema polepole, "yule mama pale mlangoni alikuwa anamlilia nani?"

Alinyosha kidole nyuma yake, kwenye pazia.

"Nimemwona akilia. Basi waliondoka."

"Na walirudi?" Muthamia aliuliza.

"Ngoja, mzee. Mlango unafunguka. Wanne wanatoka haraka. Wa tano, yule mpishi, anachelewa, maana miguu imesahau ardhi. Amekonda, ana mvi. Mkewe hamkimbilii. Mtoto anajificha nyuma ya mama yake, anauliza, 'Huyu ni nani?' Mama anasema, 'Lete uji.' Analetewa kibuyu. Na kama ilivyo kwetu, haulizwi habari za mwezi mpaka uji uishe. Hata kibuyu kikichukua mwaka."

Hakuna aliyepiga makofi. Muthamia alivua kofia tu. Rahema aliketi. Miaka yote hiyo alikuwa amewafikisha wasafiri mlangoni na kuwaacha hapo, kana kwamba kurudi ni kushuka ngazi. Karimi hakuwa amelala kwenye mwisho ule kama Rahema alivyodhani. Alikuwa ameupita zamani, akajiandaa.

Siku ya soko iliyofuata Karimi aliingia na kibuyu kipya kifuani, kikubwa kuliko mtungi. Rahema alimpakulia supu, akaanza hadithi, akaifikisha roketi chini.

"Hapo endelea wewe," alisema, akavuta kigoda.

Idrisi alichungulia kutoka buchani. "Karimi, kibuyu chote hicho cha mtu mmoja?"

"Baba Zuena," Karimi alijibu, akipangusa vumbi la soko kwenye shingo ya kibuyu, "anatoka mbali."