Saini ya Mheshimiwa Vilaverde

Kila asubuhi huko Sugar Land, Texas, nilimpelekea Mheshimiwa Vilaverde makaratasi ya kutia saini. Yalikuwa risiti za zamani na matangazo ya maduka, lakini akiyakosa alipiga kelele mpaka majirani wakasikia. Ana miaka tisini na minne, akili imechoka, na anaamini bado ni naibu waziri wa makoloni ya Wareno kule Lisboni. Siku niliyoanza kumtunza, binti yake alinimwagia sifa zote za baba yake: mtoto wa hakimu, naibu waziri akiwa na miaka thelathini na minane, kisha mapinduzi, kukimbilia Brazili, na mwisho Texas. Hakuniuliza mimi natoka wapi.

Mama yangu ni Mmakonde. Alivuka Ruvuma akiwa mgongoni mwa bibi, wakaishia kwenye mashamba ya mkonge Kwale, kwa sababu Wareno walikuwa wamemfunga babu, Matei Nandonde. Babu hakutoka.

Basi Jumanne moja nikaandika amri kwa Kireno, simu ikinitafsiria: mfungwa Matei Nandonde aachiliwe huru. Angetia saini, ningeendelea kumwogesha kwa moyo mweupe. Asipotia, sikujua ningefanya nini.

“Kalume, wachana na hiyo maneno,” akasema Jedidah, nesi tunayepokezana naye zamu. “Binti yake akijua, uta-lose job.”

“Anasaini hata tangazo la piza. Hii itamshinda nini?”

Nikaichomeka katikati ya makaratasi yake. Akasaini ya kwanza, ya pili, ya tatu, mbio mbio. Kufika kwa Matei, kalamu ikasimama. Akasoma, akarudia kusoma, na macho yakamkaa sawa ghafla, macho ya mtu mwenye akili zake timamu. Nilitamani kumnyang'anya.

“Nani ameirudisha hii mezani?” akaniuliza kwa Kiingereza. “Nilishaikataa. Mwambieni yule mwanamke aache kuniandikia.”

Kwa miaka mingi bibi alimwomba karani wa misheni amwandikie barua kwa serikali ya Wareno. Hakujibiwa hata moja. Alikufa akiamini zilipotelea njiani, na imani hiyo ndiyo iliyompa usingizi.

Nilimchukia yule mzee mpaka meno yakaniuma. Nikampa dawa yake ya moyo kwa wakati, maana ndiyo kazi, kisha nikatoka nje nikampigia mama simu Kwale.

“Mama,” nikasema, “barua za bibi zilikuwa zikifika.”