Sauti ya Fundi Makochi

Chiriku alipojitoa kwenye bendi, watu walisema amepiga teke riziki yake. Bendi ilijaza kumbi kwa nyimbo za mapenzi. Yeye akajifungia chumbani na kompyuta, akirekodi milango inayolia, sufuria za mama yake na mvua inayogonga bati. Albamu yake ya kwanza ilisikilizwa na ndugu zake, nao kwa kuona haya kukataa. Ya pili ndiyo iliyomtoa, kwa sababu ya wimbo mmoja.

Wimbo huo aliujenga juu ya sauti ya baba yake. Baba alikuwa fundi makochi, mwenye kigugumizi tangu utotoni. Kazini alibana misumari midogo kwa midomo, na wateja wakazoea kuongea peke yao. Siku moja alimtumia bintiye ujumbe wa sauti, akakwama kwenye "ni". Chiriku akakikata kipande hicho, akakirudiarudia mpaka kikawa mdundo. Hakuomba ruhusa. Alijiambia hiyo ni sanaa, na mzee hasikilizi mambo hayo.

Mama ndiye aliyempeleka baba ukumbini usiku wa onyesho la Chiriku, wamshtukize mtoto wao. Walikaa mbele. "Ni-ni-ni-ni" ilipoanza, ukumbi mzima ukaitikia. Wengine walipinda midomo wakiigiza, wakicheka. Taa zikazunguka, Chiriku akamwona baba yake. Alikuwa ameinamisha kichwa, akifuta viganja kwenye suruali kama vimeshika gundi. Mama amemshika kiwiko.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini aliimba hadi mwisho, na kule kuweza kuumaliza kulimwumiza baadaye zaidi ya vicheko.

Asubuhi alikwenda karakana. Baba alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi, anavuta kitambaa.

"Shikamoo, baba."

Akatema misumari kiganjani. "Marahaba."

"Nisamehe. Wimbo nimeuondoa kila mahali."

"Wa-watu wanao kwenye simu zao."

"Najua."

"Kigugumizi sikionei haya, nimezeeka nacho. Lakini yale maneno ni-niliyamaliza, mwanangu. Wewe ukanikata pale nilipokwama, ukaniacha hapo hapo."

Chiriku akakosa pa kuweka macho. Alijaribu kukumbuka baba alikuwa anamwambia nini siku ile, asikumbuke. Alikuwa amesikia ule mkwamo tu, akakimbilia kompyuta.

"Ulikuwa unasema nini, baba?"

Mzee alimtazama, kisha akarudi kwenye kitambaa chake. "Ni-nishikie hapa," alisema, akamwonyesha pembe ya kochi. Chiriku akaishika.

Mashabiki waliendelea kuuomba wimbo ule. Alikataa bila kueleza, wakamwita mwenye maringo, naye akaona ni afadhali hivyo kuliko kusema ukweli. Albamu ya tatu aliiimba kwa sauti yake tupu, haikuvuma.

Baba humpigia bado. Akikwama, Chiriku husubiri kimya, uso ukimwaka moto upande wa pili wa simu.