Ukimya wa Chumba

…wala nisimeze mate, amesema fundi sauti, nisimeze mate, nisihamishe mguu, maana anarekodi ukimya wa chumba, kila chumba kina ukimya wake, dada, ndivyo anavyosema kila tukimaliza kusoma, anauchukua huu ukimya mtupu akaubandike kati ya sentensi zangu pale alipokata kikohozi, bila hivyo filamu hii ya sayari za mbali inasikika ina mashimo, basi nimesimama mbele ya kipaza sauti kama mtu aliyefumaniwa, hedifoni masikioni, simu nimeiacha nje ya kioo kwenye meza yake kwa sababu humu hairuhusiwi, viatu nimevivua mlangoni visilete kishindo, na mbele ya macho yangu ukurasa wa sayari ya buluu, buluu kweli, ukiiona kwa mbali utadhani ni hii yetu yenye bahari, kumbe hakuna bahari wala tone, upepo wa huko unaishinda risasi mbio na mvua yake ni vioo, tena hainyeshi kwenda chini, inakwenda kimshazari, inachana, nami mara ya kwanza nimeisoma kwa ile sauti yangu laini mpaka fundi akasimamisha mashine akicheka, dada, hapo mtu angekatwa vipande vipande, mbona unasoma kama unauza sabuni… sabuni nimeziuza kweli, sabuni na mafuta ya kupaka na magodoro, sauti hii ndiyo iliyomsomesha mwanangu mpaka akaenda ughaibuni kusomea sayari hizi hizi, na sauti hii hii, Mungu wangu, ndiyo niliyomjibia jana jioni alipopiga simu, mama, wamenipa kazi ya kudumu hapa chuoni, nikisaini ndio nimekaa, wanataka jibu kesho mchana, lakini nakuuliza wewe kwanza, wewe unataka nini, na mimi nikajibu, uamuzi ni wako mwanangu, popote utakapokuwa mama yako atafurahi, maneno yakatoka yamenyooka, hayana kwikwi, hata fundi asingenirudisha nyuma, akanyamaza kidogo, akasema mama, hiyo ni sauti ya kazini, nikacheka, nikamwambia ndiyo sauti niliyo nayo, usiku mwema…

Bado kidogo, dada, umetulia vizuri… nimetulia wapi, miguu imekufa ganzi, na angesomea meno huyu mtoto, meno yapo kila mtaa, angekuwa na kibanda chake pale nyuma ya kituo cha mafuta na mchana ningempelekea chakula, lakini yeye anataka mahali ambapo hata mbu hawezi kukaa, kuna sayari moja humu kwenye karatasi imeigeuzia nyota yake uso mmoja milele, upande mmoja chuma kinayeyuka kikawa mvuke, upande wa pili ni usiku usiokwisha na chuma hicho hicho kinadondoka kama mvua, na anazipenda, nimemsikia anavyozitaja, anazitaja kama watu wanavyowataja wachumba, nami nimezionea wivu, mtu mzima mimi, naonea wivu mawe yanayowaka, maana yanamwona kila siku, au yeye anayaona, ingawa hayaoni, aliniambia mwenyewe, hatuzioni mama, tunaitazama nyota tu, mwanga wake ukipungua kidogo, kidogo mno, kama nzi amepita mbele ya taa ya uwanjani, tunajua hapo kuna kitu… alipokuwa mdogo alikuwa anakaa chini, kichwa kati ya magoti yangu, namsuka, tulia basi, naye hatulii, anainua uso juu, mama, huko juu kuna mtu, hakuna mtu, wewe umejuaje hakuna mtu, na kichwa chake kilikuwa kizito kwenye paja langu, uzito ule ninaujua mpaka leo, mkono huu unaujua, nimemkumbuka, jamani nimemkumbuka, kitanda chake nabadilisha shuka ambazo hakuna aliyezilalia, na dada yangu, mama yake mkubwa, kila akija ananiambia wewe usimfunge mtoto, funga mdomo, mwache apae, nami nimeufunga, nimeufunga kwa adabu, kila simu mimi mzima, sina neno, mvua inanyesha, jirani anakusalimu, kila simu napitisha mwiko juu ya moyo uonekane laini… lakini yeye hakuniuliza kilicho chema kwake, hilo analijua, amesoma, aliniuliza ninataka nini, nami nikampa tangazo, ndiyo maana alinyamaza, alikuwa anapima, kazi yake si ndiyo hiyo, kujua kuna kitu kwa mwanga uliopungua, alikiona kikipita nami nikamwambia hakuna kitu, sasa atasaini akidhani huku hakuna anayemsubiri, atasaini kwa ajili ya sauti ile ya magodoro, na akisaini hivyo nitakuwa nimempoteza mara mbili, heri akae huko huko na vioo vyake akijua mama yake analia jikoni, kuliko akae akidhani mama yake anafurahi popote, nani anafurahi popote, mimi nataka arudi, nataka…

Rudi.

Limetoka, nimelisikia hedifoni limekwaruza, limepasuka katikati, sauti ambayo hata godoro la bure lisingechukuliwa kwayo, sijui mara ya mwisho niliisikia lini, na fundi ameinua kichwa nyuma ya kioo, dada, hilo halimo kwenye karatasi, najua, namjibu, samahani, naye, umeniharibia ukimya wangu, unaumwa, hapana, siumwi, basi tuuanze upya, usimeze mate, na mimi nasimama tena vile vile, mguu pale pale, sayari ya buluu mbele yangu, mchana haujafika, akishainua kidole kuwa tumemaliza natoka nampigia kabla sijavaa viatu, simlainishii kitu, nimwambie nataka urudi mwanangu, litoke hivi hivi na kwikwi zake, limkwaruze sikio, na kama atasaini, asaini akiwa amelisikia.